Mjadala: Aliyejibu ngumi ametolewa. Aliyeianza je?

Tarehe 3 Juni 1995, uwanja wa Boet Erasmus, Port Elizabeth. Afrika Kusini na Kanada, Kombe la Dunia la raga. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, winga wa wenyeji Pieter Hendriks anasukumwa nje ya mstari na winga mwenzake wa Kanada, Winston Stanley. Wanashikana. Mara beki wa nyuma wa Kanada, Scott Stewart, anakuja mbio na kumshukia Hendriks, na kufumba na kufumbua karibu timu nzima mbili ziko pale zinatandikana. Refa David McHugh wa Ireland anaongea na wasaidizi wake, kisha anatoa watu watatu: James Dalton wa Afrika Kusini, pamoja na Rod Snow na nahodha Gareth Rees wa Kanada.

Yasome tena hayo majina. Hendriks hayumo, Stewart hayumo. Waliowasha moto walimaliza mechi, waliotolewa ni waliokuja baadaye, na Dalton anashikilia kwamba yeye aliingia kuamulia ugomvi. Baada ya mechi ndipo wakubwa wakatazama picha, Hendriks akafungiwa siku 90 na Stewart siku 60. Dalton naye alipewa 30, zikatosha kumkosesha fainali ambayo nchi yake ilishinda. Nafasi ya Hendriks ilimwendea Chester Williams, naye akaifunga Samoa Magharibi trai nne (trai ni kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) kwenye robo fainali. Historia ya Kombe lile iligeuzwa na ugomvi wa pale pembeni ya mstari.

Swali ninaloleta ni hili: katika raga ya kimataifa, refa akimtoa mchezaji kwa kujibu mapigo, je, awe na wajibu wa kurudi nyuma na kumtafuta aliyeanza kabla mechi haijaendelea?

Mimi nasema ndiyo, na sisemi kwa kusoma tu. Nilicheza namba 3 shuleni, Nakuru, yaani mtu wa mstari wa mbele anayekabiliana na namba 1 wa wapinzani. Kuna mechi moja namba 1 wa wapinzani alinisumbua kuanzia skramu ya kwanza, pale wachezaji wa mbele wa timu zote mbili wanapoinama na kusukumana kugombea mpira. Kwanza kidevu shingoni, halafu ananivuta sikio, halafu anang'ata jezi yangu begani na nyama ndani yake. Skramu ya tano mpira ni wetu. Refa kasimama pale mpira unapoingizwa, kama inavyotakiwa, na mimi niko upande wa pili kabisa ambako haoni kitu ila migongo. Kidole kikaingia jichoni. Si kugusa, kuingia. Tulipoinuka nilikuwa naona nusu ya uwanja, nikampiga ngumi moja ya mdomo. Hiyo ndiyo refa aliiona, kwa sababu wakati huo kila mtu alikuwa amesimama. Nikatoka. Jicho lilikaa jekundu siku tatu na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniuliza limefanya nini.

Sidai kwamba sikustahili kutoka. Nilistahili. Sheria ya 9, ile ya mchezo mchafu, haimruhusu mtu kulipiza hata kama mwenzake ndiye aliyekosea kwanza, na ni sawa iwe hivyo. Kinachonikera ni kwamba namba 1 yule alibaki uwanjani akicheza dhidi ya watu 14 badala ya 15, yaani uchafu wake ulimletea faida. Mchokozi mzoefu anajua hesabu hiyo. Anafinya pale pasipoonekana na anasubiri ujibu pale panapoonekana.

Na huu ndio mgongano unaonishangaza zaidi. Kesi ikifika mbele ya kamati ya nidhamu ya World Rugby, shirikisho la raga la dunia, kanuni zinawataka wanakamati wapime kama kulikuwa na uchokozi, na kama mchezaji alikuwa analipiza. Ni miongoni mwa mambo wanayoyaangalia wakipima uzito wa kosa. Kwa hiyo uchokozi unasikilizwa Jumatano ofisini, wakati Jumamosi uwanjani, penye matokeo, hausikilizwi. Tangu Kombe la Dunia la 2023 tuna afisa anayekaa kwenye chumba cha video na dakika nane za kuamua kama kadi ya njano, ya kukaa nje dakika kumi, igeuke nyekundu. Ndivyo Sam Cane wa New Zealand alivyogeuziwa kadi katika fainali, timu yake ikafungwa 12-11 na Afrika Kusini. Dakika nane za kupima bega lilivyogonga kichwa zinapatikana. Sekunde 30 za kurudisha picha mpaka mkono wa kwanza zinashindikanaje?

Karibuni.

Mpuliza filimbi, Eldoret

Ndugu, pole na jicho. Lakini ngoja nikuambie kinachotokea ukiwa na filimbi mkononi.

Kila anayepiga ngumi ana sababu. Kila mmoja. Sijawahi kumtoa mtu akaniambia, refa, nimempiga bure. Nikianza kutafuta chanzo, chanzo nacho kina chanzo chake. Namba 1 wako angesema ulimvuta chini skramu ya kwanza, na pengine angekuwa anasema kweli. Tutarudi mpaka wapi, mpaka kwenye basi walilokuja nalo?

Tena unazungumzia video kana kwamba anayeitazama ni mashine. Baada ya fainali hiyohiyo ya 2023, afisa wa video Tom Foley alijiondoa kwenye mechi za kimataifa kwa sababu ya matusi na vitisho vilivyomfikia yeye na familia yake. Refa wa mechi, Wayne Barnes, naye alistaafu akasimulia vitisho alivyopata. Ukituongezea kazi ya kusema hadharani nani alianza, unatuongezea maadui. Ngumi ni rahisi: ipo au haipo. Ndiyo maana tunaishika.

Mzee wa namba nane

Vijana mmezaliwa kwenye raga ya kamera 20. Uwanja uleule uliotajwa hapo juu, Boet Erasmus, una hadithi nyingine ya tarehe 13 Julai 1974. Lions, timu ya pamoja ya wachezaji wa Uingereza na Ireland, walikuwa ziarani Afrika Kusini, na wakati huo mechi zilichezeshwa na marefa wa nchi mwenyeji. Nahodha Willie John McBride aliweka wito mmoja, "99", ufupisho wa namba ya dharura ya kwao, 999. Mwenzako akichafuliwa, wito unaitwa, na kila mmoja anampiga Mwafrika Kusini aliye karibu naye. Hesabu yake ilikuwa kwamba refa hawezi kutoa timu nzima. Siku hiyo JPR Williams, beki wa nyuma, alikimbia masafa marefu kwenda kumpiga Moaner van Heerden. Lions walishinda 26-9, na ziara nzima ya mechi 22 hawakufungwa hata moja.

Sisemi tuirudie. Nasema mjue ilitoka wapi. Watu hujichukulia hatua mkononi pale wanapoona hakuna wa kuwaamulia. Na baada ya kamera kuja bado tumeona mambo. Mwaka 2005, Christchurch, nahodha wa Lions Brian O'Driscoll aliinuliwa na Tana Umaga na Keven Mealamu wa New Zealand akabwagwa chini, bega likatoka, ziara yake ikaisha mechi ikiwa bado mbichi kabisa. Kadi hakuna, na kesi haikufunguliwa. Mwaka 2009, Pretoria, dakika ya kwanza, vidole vya Schalk Burger wa Afrika Kusini viko machoni mwa Luke Fitzgerald wa Lions. Msaidizi wa refa anaona, refa anatoa njano. Wiki nane za kufungiwa zikaja baadaye, lakini Afrika Kusini ilishinda 28-25 kwa penalti ya mwisho ya Morné Steyn, na matokeo hayo hayajabadilika. Mwenye macho yake ameambulia nini?

Mwalimu wa michezo, Kisumu

Mzee wangu, nakuheshimu, ila hadithi ya 99 ndiyo inayonipa kazi. Mimi nafundisha wasichana wa miaka 15 na 16. Wanaisikia, wanaipenda, na wiki inayofuata natenganisha watoto. Hawana daktari pembeni ya uwanja wala gari la wagonjwa. Ngumi moja ya utosi kwetu ni safari ya bodaboda kwenda zahanati. Kwangu aliyerusha mkono anatoka, na nataka wanayemtazama kwenye televisheni naye atoke, kabisa, si kwa dakika 20. Hii kadi nyekundu mpya iliyotumika Six Nations 2025, mashindano ya mataifa sita ya Ulaya, ambapo timu inaingiza mchezaji mwingine baada ya dakika 20, nimeielewa kwa makosa ya kukaba vibaya. Makusudi ni makusudi.

Mwenye mada

Asanteni, mmenisogeza mahali.

Mwalimu, hapo sibishani nawe hata kidogo. Ngumi ya kujibu ibaki nyekundu ya moja kwa moja. Na asidhani mtu kwamba kulipiza kunalipa. Machi 2020 Ufaransa ilikwenda Murrayfield ikiwa imeshinda mechi zake zote tatu za Six Nations. Karibu na mapumziko kukatokea kusukumana, Mohamed Haouas akampiga Jamie Ritchie ngumi ya uso, akatoka, Scotland ikashinda 28-17. Ushindi wa mechi zote mwaka huo ukaishia pale. Aliyeanza kusukumana hata hakumbukwi. Haouas ndiye anayekumbukwa.

Mzee, umenisaidia kuliko unavyodhani. Wito wa 99 ulifanya kazi kwa sababu adhabu ilikuwa haiwezi kugawanywa: ama refa atoe 30, ama asitoe mtu. Mimi nataka iweze kugawanywa. Mwaka 1977 pale Cardiff, Wales na Ireland, refa Norman Sanson alitoa mmoja kila upande, Geoff Wheel na Willie Duggan. Kila timu ikabaki na 14 na hakuna iliyovuna faida.

Refa wa Eldoret, hoja yako ya chanzo cha chanzo ni nzito na imenifanya nipunguze madai. Sitaki mrudi mpaka kwenye basi. Rudini mpaka mpira uliposimama mara ya mwisho, basi, na mtafute vitu vichache tu: kidole jichoni, kung'ata, kukanyaga, ngumi ya kwanza. Kushikana jezi kuacheni. Kisichoonekana kwenye picha kisihesabiwe, na mlipizaji atoke vilevile. Kuhusu matusi mnayopata, hilo linaniuma kweli, lakini nadhani watu hutukana zaidi wanapoona picha nyumbani ambayo refa hakuonyeshwa.

Huku kwetu najua hatuna kamera. Una macho mawili na wasaidizi ambao mara nyingi ni wachezaji wa akiba waliopewa kibendera. Kwa hiyo nikuulize bila video. Skramu ya tano, Nakuru, mpira wetu, wewe uko upande wa pili. Unaona ngumi yangu tu. Ungefanyaje?

Mpuliza filimbi, Eldoret

Ningekutoa. Ngumi niliiona.

Ila kabla hujafika kwenye mstari ningekuita nilitazame hilo jicho. Halafu ningemwita nahodha wao pamoja na namba 1 wake, nimwambie mbele yake nimeona nini kwenye uso wako. Na skramu zote zilizobaki za mpira wenu, nikishaona umeingia ningezunguka kuja kusimama upande ule.