Bibi wa miaka 91 Japani, kisukari na mpira wa tumboni: nani aamue?

Mkazi wa Saitama: Wakuu, nipo Japani, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Tuna bibi wa miaka 91, kisukari cha siku nyingi, kumbukumbu zimekwenda. Kila asubuhi kabla ya uji anatobolewa kidole, kisha sindano ya insulini. Chai yake tunaitia unga fulani iwe nzito kama uji, isimpalie. Sasa hata hiyo hamezi. Daktari amewaita wanawe: atobolewe tumbo awekewe mpira wa chakula, au aachwe aende taratibu? Mtoto wa kiume, anayeishi mbali, anataka mpira. Binti anayekuja kumwona mara kwa mara hataki. Bibi hakuwahi kuandika wala kusema lolote. Na sheria ya kuamua jambo hili hakuna. Kuna mwongozo wa wizara ya afya wa 2007, ukarekebishwa 2018, unaotaka mgonjwa, ndugu na waganga wakae wazungumze, tena na tena. Ninyi mngefanyaje?

Fundi Saa: Miaka 91 unamtoboa kidole cha nini? Mpeni keki yake ale afurahi. Kisukari kimuue akiwa na miaka 130?

Nesi wa Zamu: Fundi, soma kwanza. Mtu hamezi chai, wewe unamletea keki. Halafu insulini si adhabu. Sukari ikipanda sana atakojoa mpaka akauke maji, azimie. Ila kubana sana nako kunaua: sukari ikishuka mzee anaanguka, nyonga inavunjika, au anachanganyikiwa mkadhani ni usahaulifu umezidi. Huko Japani 2016 vyama vya madaktari wa kisukari na wa wazee walikaa pamoja wakaweka viwango. Mzee wa hali kama ya huyo bibi, akiwa kwenye insulini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu (HbA1c) kiwe chini ya asilimia 8.5, na kisishuke chini ya 7.5. Yaani waliweka na sakafu. Na kama hali chakula, dozi ya jana haimfai leo.

Fundi Saa: Sawa mwalimu. Nilisema keki kwa roho safi.

Sauti ya Kilwa: Mnabishana namba, mimi nashangaa kingine kabisa. Bibi wa miaka 91 anaoshwa na mtu baki kutoka Afrika, wanawe wako hai! Ndio hao hao polisi wao walihesabu mwaka 2024 watu 76,000 na kitu waliofia peke yao majumbani. Maendeleo gani hayo? Kwetu mzee anafia mikononi mwa watu wake.

Mama Zuu: Mikononi mwa nani, kaka? Taja jina. Maana kila nikisikia mwanaume anasema "sisi tunalea wazee wetu" najua kuna mwanamke jikoni anachemsha maji ya kumwogeshea mama mkwe, na hakuulizwa.

Sauti ya Kilwa: Bibie, usilete uanaharakati hapa. Tunazungumzia utu.

Mama Zuu: Usiniite bibie. Nimemlea baba mkwe wa kisukari, kidonda cha mguu kimeoza, hao "watu wake" watano wa kiume wanakuja Idi na soda. Utu ninaujua harufu yake.

Kipanga: 😂😂 Soda kwa mgonjwa wa kisukari.

Msomaji Bure: Mama Zuu amegusa penyewe, na wala si kwetu tu. Japani mzigo huo ulikuwa wa mkaza mwana. Mwanamke anaolewa na mtoto wa kwanza, anajikuta muuguzi wa wakwe zake. Wenyewe waliita jehanamu ya kulea. Akina Higuchi Keiko walianzisha chama cha wanawake 1983 wakapiga kelele, mpaka Aprili 2000 ikaanza bima ya matunzo: kila mtu akifika miaka 40 anaanza kuchangia, akizeeka anapimwa kiwango cha uhitaji, analetewa huduma, mwenyewe analipa sehemu ya kumi, au zaidi akiwa na kipato kikubwa. Ujerumani wanaruhusu familia ipewe fedha taslimu. Wajapani waliikataa njia hiyo, na wanawake hao walikuwa mstari wa mbele kuipinga: fedha ikija nyumbani, mkaza mwana ndiye atakayefungiwa nayo.

Na hao 76,000, asilimia kama 76 ni wa miaka 65 na zaidi, kweli. Lakini wamo waliogunduliwa siku ile ile. Kuishi peke yako si lazima uwe umetupwa.

Sauti ya Kilwa: Mmepata wa kuwatetea. Si waziri wao wa afya aliyesema wazee wafe haraka wasimalize hela za serikali?

Msomaji Bure: Wa fedha. Aso Taro, Januari 2013. Baadaye akadai alisemea nafsi yake. Alikuwa na miaka 72, naye mwenyewe hakufanya haraka yoyote.

Kipanga: Lakini hoja yake ina ukweli. Kisukari ni cha kujitakia, kwa nini nilipie mimi?

Nesi wa Zamu: Kipanga, kaa kimya kidogo. Wajapani wengi wanapata kisukari wakiwa wembamba, kongosho lao halina akiba kubwa ya insulini. Na hata angekuwa mnene, ungemwacha?

Mkazi wa Saitama: Jamani, na mpira? Wazee walikuwa wakiwekewa kwa wingi sana huku. 2012 madaktari wa wazee walitamka kwamba kama unamdhalilisha mgonjwa, kutouweka au kuuondoa kufikiriwe. 2014 malipo ya kuuweka yakapunguzwa. Binti anasema hiyo ndiyo sababu daktari hashinikizi. Kaka mtu anasema hiyo ndiyo sababu yeye hamwamini daktari.

Fundi Saa: Kaka anaishi mbali, ndiyo maana anataka mpira. Anayekuja kumwona anajua.

Sauti ya Kilwa: Kuishi mbali si dhambi. Mimi nipo Muscat, mama yangu yupo Kilwa, na hakosi kitu. Nimemwekea binti wa kazi, analala naye chumba kimoja, anamchoma sindano zake asubuhi na jioni.

Mama Zuu: Binti wa kazi. Ndugu yenu?

Sauti ya Kilwa: Ni kama ndugu.

Mama Zuu: Mtu baki, basi. Tofauti yake na Mkazi wa Saitama ni mshahara.

Nesi wa Zamu: Niacheni niulize la maana. Kilwa, huyo binti nani alimfundisha kuchoma?

Sauti ya Kilwa: Alionyeshwa zahanati.

Nesi wa Zamu: Anampima kwanza? Mama asipokula jioni, anafanya nini?

Sauti ya Kilwa: Anachoma. Dozi si imeandikwa?

Nesi wa Zamu: Mpigie sasa hivi. Mama asipokula asichome kabla hajauliza zahanati. Akimwona anatoka jasho jembamba, anatetemeka, anaongea ovyo, ampe sukari kwenye maji kama anaweza kumeza. Akishindwa kumeza asimtie kitu mdomoni, ampeleke hospitali. Na abadilishe sehemu ya kuchoma, asirudie pale pale.

Sauti ya Kilwa: Nimempigia. Asante nesi, Mungu akulipe. Ila Mama Zuu bado hajanijibu kuhusu wale 76,000.