Tupeane uzoefu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kwenu mlipatwa na nini?

Mtoto wa Reli: Mali, Niger na Burkina Faso kujitoa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, mwaka 2025 kumenirudisha mbali. Watu wanajadili marais, mimi nawaza nyumba za watumishi. Mzee wangu, Mtanzania, alikuwa fundi wa Reli, shirika la Jumuiya ya Kenya, Uganda na Tanzania, huko Nairobi. Jumuiya ilipokufa tukafungasha vitanda na cherehani ya mama, tukarudi Tabora kwa ndugu nisiowajua hata sura. Waliopitia haya karibuni.

Binti Holili: Umenitonesha kidonda. Sisi wa Holili, mama kwao Taveta, Kenya, hapo ng'ambo tu. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Bibi alipofariki, habari ililetwa kwa siri na kijana mchunga ng'ombe. Baba akakataa tusiende, askari wamejaa. Mama hakubishana. Usiku akajifunga kaniki asionekane, viatu vyetu akavitia kikapuni, tukakata mashamba peku. Mbwa akibweka tunalala chini katikati ya mahindi. Tulipofika, kaburi lilishafukiwa. Na mama hakuruhusiwa kulia kwa sauti, majirani wasije wakajua katoka Tanzania. Mtu kumlilia mama yake mzazi kanga imezibwa mdomoni! Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983, matanga yakawekwa upya.

Wa Namanga: Pole sana dada. Na kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

Kijana wa Mombasa: Poleni. Lakini tuseme ukweli, aliyefunga mpaka ni Nyerere.

Mzee wa Kurasini: Bwana mdogo, anza mwanzo. Tangu Amin apindue serikali Uganda 1971 Mwalimu hakukubali kukaa naye meza moja, vikao vya wakuu vikafa. Halafu East African Airways, ndege za Jumuiya, ikasimama, Kenya ikaanzisha shirika lake. Ndipo mpaka ukafungwa.

Kijana wa Mombasa: Makao makuu ya shirika la Bandari la Jumuiya si yalikuwa kwenu Dar? Ya Posta Kampala? Msitufanye Wakenya ndio walafi.

Mtoto wa Reli: Jamani, dada anaeleza msiba.

Mjukuu wa Posta: Mkataba wa 1984 uligawa mali: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikabebeshwa mafao ya watu wake. Babu alikuwa anakwenda ofisi moja Dar na bahasha ya kaki yenye hati zake za mshahara, anajibiwa jina halionekani. Amekufa anadai. Wenye karatasi za wazee, msitupe hata moja.

Wa Namanga: Karatasi zitaliwa na mchwa. Sisi tulipokea kidogo kilichotolewa, tukamtibu mzee angali hai.

Binti Holili: Marehemu baba naye alikuwa Reli, hakulipwa. Sisi warithi tukiitwa tusaini, tusaini?

Wa Namanga: Sainini, mama.

Mjukuu wa Posta: Usimpoteze dada! Wakiandika "nimelipwa haki zangu zote", kalamu weka chini, mtafuteni wakili kwanza.