Sensa za bei nafuu: mtu akitulia chooni, taa inazima

mkaaji_umoja: Wakuu, niliweka sensa za mwendo kwa korido na choo, korido iko poa lakini chooni ukikaa kidogo tu giza, na mamangu magoti yanamsumbua, sitaki asimame akipapasa ukuta. Nifanyeje?

fundi_stima: Pole ndugu. Hiyo sensa inashika joto likihama mbele yake, ukitulia kwake haupo. Kama ni ile modeli inaitwa HC-SR501 iko na viskrubu viwili vya kuzungusha, kimoja cha muda kingine cha umbali, ongeza muda taa ikae dakika kadhaa. Na isitazamane na mlango, iweke kando mtu akatize mbele yake, inashika mapema zaidi kuliko akiijia moja kwa moja.

jirani_kasa: Za betri ndio ngumu, nyingi zikishashika zinalala kama dakika moja ndio betri idumu. Kwa choo cha mzazi mimi ningeweka ya rada ya mmWave, ile ya mawimbi ya redio, inashika hata mtu akipumua tu, lakini punguza nguvu kwa sababu inapenya pazia na silingi bodi.

mkaaji_umoja: Asanteni sana, ni hiyo ya viskrubu. Naongeza muda leo, ya rada nitaulizia maduka ya elektroniki pale Luthuli, Nairobi.