Bagamoyo: Tulitenganisha taka za onyesho la sanaa, kamati ikaziacha zimwagwe zote kwenye kirikuu kimoja

Ndugu wadau wa sanaa na mazingira,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kikundi chetu kiliombwa kusimamia utenganishaji wa taka katika onyesho la sanaa la mtaani lililofanyika karibu na ufukwe. Tuliifanya kazi hiyo bila malipo, kuanzia maandalizi hadi ngoma ya mwisho, na asubuhi yake kamati ikaruhusu kila tulichokitenganisha kichanganywe upya na kupelekwa dampo. Nifafanue mapema kwamba sizungumzii tamasha la kila mwaka la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wala chuo hicho hakihusiki kwa namna yoyote. Hii ilikuwa shughuli ya mtaa, na kamati yake inajijua.

Hatukuwa na bajeti, hivyo tulikusanya mapipa ya chuma ya lita 200, tukayasugua kutu, na vijana wachoraji wakayapamba kwa samaki na ndege wa mtindo wa Tingatinga. Kila mfuniko tuliutoboa kulingana na kitu kilichotakiwa kuingia: tundu la duara linalotosha chupa ya maji tu, na upenyo mwembamba wa maboksi yaliyokunjwa, kwa sababu mtu mwenye sahani ya chipsi mkononi hasomi bango, lakini husita anapokuta tundu lisiloipokea sahani yake. Makumbi ya madafu tuliyatengea kona yenye uzio wa makuti, maana yakiingia kwenye pipa hulijaza kabla jua halijazama. Mama lishe walituelewa upesi kuliko wote, pengine kwa kuwa wao tayari hutenga mabaki ya kulisha kuku na mabaki yasiyofaa hata kwa mbuzi. Wageni waalikwa ndio waliohitaji kuelekezwa kila mara, tena wengine kwa kununa.

Kwa asiyejua kwa nini tulijisumbua kiasi hicho, chupa ya maji hutengenezwa kwa plastiki ya PET, ile yenye namba 1 ndani ya mishale mitatu kwenye kitako, ilhali kizibo chake ni plastiki ya aina nyingine. Zikisagwa na kutiwa majini, vipande vya chupa huzama na vya kizibo huelea, kwa hiyo kiwandani kuvitenga si kazi ngumu. Kinachoharibu mzigo ni mafuta ya chipsi, chachandu, mchanga na soda iliyobakizwa, ambavyo hushika kila kitu vinapogusana. Mnunuzi wa chupa anayepima kwa kilo hufungua kiroba na kutia mkono hadi chini, na akikuta uchafu hukata bei au huukataa mzigo wote. Ndiyo sababu vijana wetu walimimina mabaki ya vinywaji kwenye ndoo, wakazikanyaga chupa ili zibanane, wakazifunga kwenye viroba na kuvipanga kando ya ukuta, vikiwa tayari kuchukuliwa.

Mnunuzi alikuwa amekwisha kukubali kuja na guta lake siku iliyofuata onyesho, baada ya adhuhuri, na kamati tuliijulisha kwa maandishi. Nilipofika asubuhi ya siku hiyo nilikuta wapakiaji wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kilicholetwa kuzoa taka, wakivifungua viroba vyetu na kuvikung'uta, kwa kuwa viroba vitupu walivitaka wao. Chupa tulizozisafisha zilimwagika juu ya majivu ya majiko, machicha ya nazi na nepi iliyotumika, kisha kijana mmoja akapanda juu na kuvikanyagia vyote pamoja ili mlango wa nyuma ufungike. Dereva aliniambia, "Dada yangu, mimi nimeambiwa nizoe, sikuambiwa nichague," na kwa kweli yeye simlaumu. Nampa lawama mjumbe wa kamati aliyekuwa amesimama pale na chai yake, akanijibu kwamba shughuli imeisha salama na tusianze kutafutana ubaya kwa sababu ya makopo. Hoja yao kwamba uwanja ulitakiwa uwe mtupu mapema haina mashiko hata kidogo, kwani tungeviondoa viroba wenyewe alfajiri kama kuna mtu angetupigia simu.

Tangu vikao vya awali tulipendekeza soda za chupa za kioo, ambazo hurudi kwenye kreti na kujazwa tena kiwandani. Tukajibiwa kwamba vioo ni hatari mahali ambapo watu wanacheza pekupeku, hoja ambayo naikubali nusu, kwa sababu kaunta moja ya kunywea na kurudishia chupa ingetosha. Wakachagua plastiki, wakatukabidhi sisi mzigo wake, kisha mgeni rasmi akapigwa picha mbele ya mapipa yetu na kuhimiza usafi wa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, kwa hiyo tulichokifanya si hisani ya kupambia hotuba. Chupa isiyofika kwa mnunuzi nayo haipotei: mvua za masika huisukuma kwenye mtaro, mtaro huifikisha baharini, na maji ya bamvua huirudisha mchangani, palepale wavuvi wanapoanika nyavu zao.

Tunaitaka kamati itoe maelezo ya maandishi kuhusu nani aliagiza viroba vifunguliwe, na iwalipe vijana wetu thamani ya mzigo uliopotea kwa bei ya kilo aliyokuwa ameitaja mnunuzi, bei ambayo imo ndani ya barua tuliyowapelekea. Hatutashiriki onyesho lijalo hadi mkataba wa mzoa taka utaje kwa jina mzigo usiotakiwa kuguswa, pamoja na mtu atakayeukabidhi. Aidha, mapipa yetu yarudishwe. Yamefungiwa stoo kwao hadi leo, isipokuwa moja ambalo limekatwa katikati na sasa linachomewa mishikaki, samaki wa Tingatinga akiwa bado anaonekana ubavuni. Hilo nalo tunalidai, pamoja na mfuniko wake.