Somoe anataka kwenda Pemba

*Kikundi: Ukoo wa Bibi, Mikindani*

Ijumaa, 3 Mei 2019

Somoe: Shikamooni wakubwa. Nina jambo, naomba mnisikilize kabla hamjakataa. Nataka kwenda Pemba kusaidia waliopigwa na kimbunga Kenneth. Tuko wanne, wote udaktari mwaka wa nne. Tumeshaanza kuchanga nauli.

Mama: Marahaba mwanangu. Pemba hii ya Zanzibar? Mbona hatujasikia kimbunga huko?

Somoe: Pemba ya Msumbiji mama, Cabo Delgado. Kilitua tarehe 25. Kisiwa cha Ibo nyumba nyingi zimelala chini, Macomia vilevile. Na sasa kipindupindu kimeingia.

Shangazi Mtwara: Sisi siku ile tulihamishwa mabondeni, shule zikafungwa, tumekaa na watoto tunasoma dua. Upepo ukawaangukia wenzetu. Kingesogea kidogo tu kuja huku, leo tungekuwa tunaombewa sisi.

Mama: Somoe, na wale wanaochoma vijiji je? Tangu Oktoba 2017, walipovamia Mocímboa da Praia, huko hakujatulia. Mimi nina binti mmoja.

Somoe: Najua mama. Lakini Beira mwezi Machi, kimbunga Idai, watu zaidi ya 600 wamekufa Msumbiji peke yake na mimi nilikuwa hosteli nasoma. Siwezi kukaa tena.

Kaka Juma: Mjomba yuko wapi aseme neno? Yeye ndiye muuguzi.

Mjomba Saidi: Nipo, nilikuwa zamu. Somoe, moyo wako mwema na sitaki uupoteze. Ila nikuulize: mkifika, nani anawasimamia? Mnalala wapi, mnakunywa maji ya nani?

Somoe: Tulifikiri tukifika hospitali yoyote watatupokea.

Mjomba Saidi: Hapo ndipo ninapokataa. Haiti 2010 baada ya tetemeko watu walimiminika kutoka kila nchi, wengine hawakuwa na ujuzi unaohitajika, wengine hawakujua wanaripoti kwa nani. Ndiyo sababu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaandika viwango vya timu za dharura. Timu ije na chakula chake, maji yake, malazi yake. Daktari awe ana leseni kwao, na nchi mwenyeji iwe imemkubali. Mwanafunzi ambaye hapa Tanzania haruhusiwi kufanya jambo bila msimamizi, akivuka Ruvuma hageuki kuwa daktari. Mgonjwa wa Ibo ni mtu kama mgonjwa wa Muhimbili.

Mjomba Saidi: Nikwambie nilichokiona Kagunga, Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni Ziwa Tanganyika na kipindupindu kikalipuka. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji lita 5 za dripu ndani ya saa 3. Lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza! Ukichelewa kupata mshipa, anakufia mkononi. Lakini wale walikuwa wachache. Wengi walipona kwa ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, kikombe baada ya kikombe, kama kuna mtu wa kukaa nao usiku kucha na kuwasemesha. Kila aliyekunywa mapema alitupunguzia kitanda kimoja. Tuliopungukiwa nao sana ni watu wa kuwasemesha wagonjwa.

Somoe: Mjomba, hilo naliweza. Kimakonde nakijua, na Bibi katulea kwa Kimwani, lugha ya pwani ya kule.

Mjomba Saidi: Ndiyo nakuja huko. Subiri niulize mtu.

Jumapili, 5 Mei

Mjomba Saidi: Nimeongea na mwenzangu aliyeko na timu kule. Wanafunzi bila msimamizi hawachukui, na wako sahihi. Ila Kireno hakifiki kila kijiji. Wanataka sauti fupi za Kimwani na Kimakonde zipigwe kwa spika vijijini na kwenye foleni za maji: kuchanganya ORS, kutia klorini, lini umkimbize mgonjwa.

Somoe: Sitasema uongo, nimelia. Nilishajiona niko huko.

Mama: Lia mwanangu. Lakini mimi leo nitalala.

Somoe: Nimeandika hivi, mjomba kagua: kama pakiti za ORS hazipo, maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi. Mtoto aendelee kunyonya. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole.

Mjomba Saidi: Sahihi kabisa. Ongeza kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kuchanganya. Kimakonde soma wewe. Kimwani asome mtu mzima, sauti ya mtu wa pale.

Shangazi Mtwara: Bibi yuko hapa kwangu, nimempa simu. Ninaandika anavyosema:

Shangazi Mtwara: "Dada yangu aliolewa Ibo, nina wajukuu kule siwajui hata sura. Nitasema. Nitawaambia mimi ni nani na nimezaliwa wapi, ndipo watanisikiliza habari ya chumvi. Ila Somoe aje yeye kunishikia simu, na aje asubuhi, jioni sauti yangu inakauka."

Somoe: Napanda basi la alfajiri kesho. Mjomba, naomba uniombee ruhusa ya siku mbili kwa mlezi wetu chuoni.

Kaka Juma: Ile nauli mliyochanga?

Somoe: Wenzangu wamekubali, tunanunua pakiti za ORS na sabuni. Mjomba atatuonyesha pa kupeleka.