Shule ya wasichana humwachia mtu nini baada ya miaka 20?

MamaLanet, Nakuru: Hamjambo wadau. Binti yuko Gredi ya 9 na tunachagua shule za Gredi ya 10. Alama za mtihani huzeeka. Kwa mnaozijua shule za wasichana, ni kitu gani hasa hubaki, na mzazi akizuru atakitambuaje?

FundiMaabara, Kakamega: Mama, hubaki kile alichofanya kwa mikono yake. Chukua titresheni, jaribio la kemia la kupima ni kiasi gani cha myeyusho mmoja kinamalizana na mwingine. Darasa likiwa la mchanganyiko na vifaa vichache, mara nyingi mvulana hushika bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za vipimo na koki chini, msichana akapewa kalamu anakili. Kwa wasichana watupu hakuna wa kumwachia. Yeye ndiye asuuze bureti kwa myeyusho wenyewe, atoe kiputo cha hewa kwenye ncha, aondoe faneli ya kumiminia kabla ya kusoma, kwani tone likidondoka baadaye namba imeharibika. Kisha arudie mara tatu, na namba zikipishana kupita mililita 0.2 asizitie kwenye wastani. Tabia hiyo ya kutoamini namba ya kwanza ndiyo muuguzi anayoihitaji akipima dawa.

Ila jina la shule halitoshi. Wanane wakigawana bureti moja, saba ni watazamaji. Ingia maabara, uhesabu bureti zisizovuja.

NyarGem: Na vyeo pia. Kiranja mkuu, mweka hazina wa klabu, mwenyekiti wa mdahalo, wote ni wasichana. Omba kitabu cha kumbukumbu za klabu: kina waliohudhuria, yatokanayo, sahihi za katibu na mwenyekiti? Mwandiko ukiwa wa mwalimu, uongozi ni wa jina tu. Hata vyama vingi vya akiba na mikopo huvunjika hapo hapo: mkopo umepitishwa, kiasi, riba na tarehe ya kulipa havikuandikwa. Grace Ogot alisomea shule za wasichana za Ng'iya na Butere, akawa muuguzi, mwandishi, mtangazaji, kisha mbunge wa Gem. Kazi zote hizo zataka mtu aliyezoea kalamu na kusimama mbele za watu.

MwalimuKisumu: Tazama vyoo kabla ya maabara. Bweni likikosa maji usiku, msichana aliye kwenye hedhi huweza kupoteza siku za masomo kila mwezi. Sheria ya sodo (pedi) za bure shuleni ipo tangu 2017. Uliza hugawiwa lini, na kama ni lazima msichana aende kuziomba ofisini.

MamaLanet: Asanteni sana. Nizuru siku gani?

FundiMaabara: Siku ya kazi za vitendo, asubuhi. Siku ya wazazi hata bureti mbovu hutolewa kabatini zikapangwa mezani.