Robert Bloomfield kauza vitabu vyote vile halafu kafa na madeni, hela ilienda wapi?

Msomaji_wa_Usiku:
Wakuu habari za jioni. Nimekutana na huyu mshairi wa Uingereza, mtoto wa kijijini Honington kule Suffolk, baadae akawa fundi viatu London. Shairi lake refu The Farmer's Boy lilitoka 1800, ndani ya miaka kama mitatu zikatoka nakala zaidi ya 25,000, kwa enzi zile hiyo si mchezo. Nasoma mbele nakuta kafa 1823 hana kitu. Imekuaje? Au alikuwa mtu wa bata?

kalamu_kavu:
Bata gani mkuu, jamaa ana mke, watoto na ndugu kibao wanamtegemea, na ukishajulikana una hela foleni ya mlangoni unaijua mwenyewe. Ila pigo lenyewe ni wachapishaji wake kufilisika, ndio walikuwa mrija wake. Duke wa Grafton, bwana mkubwa wa ukoo wa kitawala, alikuwa anampa shilingi moja kwa siku, akamtafutia na kazi ya ofisini serikalini, afya ikagoma akaiacha. 1812 akahamia Shefford, Bedfordshire, akitafuta maisha nafuu, macho nayo yakaanza kumsumbua. Alikuwa anatengeneza pia vinubi vya kuweka dirishani, upepo ndo unavipiga, anauza.

Mama_Mshono:
Mi hela hainishangazi, nashangaa alivyotunga. Chumba cha darini, mafundi kama watano sita wanagonga soli, yeye katikati yao anashona huku anapanga mistari kichwani, anaibeba hivyohivyo mpaka apate nafasi ya kuandika!! Ni mistari miwili miwili yenye vina, nahisi vina ndo vilimshikia kumbukumbu. Alipofika London bado dogo, akawa anawasomea mafundi gazeti wakiwa kazini, maneno magumu yanampiga chenga mpaka kaka yake George akamnunulia kamusi chakavu ya peni 4.

Mjukuu_wa_Nesi:
Mmeiruka Good Tidings ya 1804, shairi zima la kupigia debe chanjo ya ndui, na Edward Jenner mwenyewe, yule daktari wa chanjo hiyo, alimtia moyo. Baba yake, fundi cherehani, alikufa kwa ndui Robert hajatimiza hata mwaka. Kiushairi linahubiri mno kwa kweli, ila akifika kwa baba yake mahubiri yanakata, unasikia mtoto anaongea.

Msomaji_wa_Usiku:
Asanteni sana, kumbe nilimwonea. Sasa nianze na lipi, maana Kiingereza cha zamani kinanichosha.

Mama_Mshono:
The Farmer's Boy ina sehemu nne za majira ya mwaka, wewe ruka nenda Winter moja kwa moja mwanangu. Tafuta pale Giles, yule kijana wa shamba, yuko njiani usiku anaona zimwi limesimama mbele yake, jasho linamtoka, hajui akimbie au asali, mwezi unatoka mawinguni kumbe ni mti tu.